Pampu ya Ng'ombe Siku ya Sabato

Jumanne asubuhi. Ukungu bado umelalia majani ya chai, na vidole vyangu vina baridi.

Sauti ambayo haijaniacha tangu Jumamosi ni ya mpini wa pampu. Kwii, halafu chaa. Kwii, chaa. Ni pampu ya kubeba mgongoni, na kila boma lenye ng'ombe hapa karibu na Birongo linaijua, kwa sababu jirani yetu Zablon hupita nayo akipulizia mifugo dawa ya kupe. Nimeisikia tangu utotoni. Ng'ombe hutikisa masikio, hukojoa kwa woga, mwishowe huzoea.

Jumamosi alimpulizia dada yangu.

Nieleze kwa mpangilio, maana kichwani mwangu mambo yamebaki vipande vipande. Dada yangu Kwamboka ni msusi Nairobi. Aliugua korona, akalazwa, akawa anapumua kwa mashine ya oksijeni. Akapona. Akapimwa tena, akaambiwa hana kitu. Barabara za kutoka Nairobi zilipofunguliwa alirudi nyumbani, kwa kuwa saluni ilikuwa imefungwa na hakuwa na mtu wa kumpikia. Daktari alimpa agizo moja la kuzingatia: atembee. Kila siku, nje, kwenye hewa, kidogo kidogo, na akiweza apande mlima. Asipofanya hivyo mapafu yatabaki jinsi yalivyo sasa, na sasa hawezi kuinama afunge kiatu bila kutafuta pumzi.

Kwamboka hakutembea. Alizunguka migomba nyuma ya jiko, jioni, watu wakishatoka mashambani, kama anayeiba ndizi za kwao.

Sisi ni Wasabato. Kabla ya korona, vijana wa kanisa letu walikuwa na matembezi kila Sabato baada ya chakula cha mchana, hadi kilimani panapoonekana upande wa Nyamira. Tulikuwa tunaimba, tunaangalia mabonde, tunataniana kwa kiasi ambacho wazee hawawezi kukiita dhambi. Kwa wiki nzima hiyo ndiyo ilikuwa raha yangu. Serikali ilipolegeza masharti, mimi ndiye niliyemwendea mzee wa kanisa kumwomba turudi kilimani. Nilisomea biolojia chuo kikuu na sasa nangoja kuajiriwa. Watu wa hapa huniamini kuhusu vijidudu kama wanavyomwamini mchungaji kuhusu mbingu.

Nilimwambia kwamba nje ni salama kuliko ndani. Kila mtu avae barakoa, tuachiane hatua mbili, kila mmoja abebe maji yake, tusishikane mikono, na mwenye homa abaki kwao. Mzee akasikiliza, akakubali, akaongeza moja lake: kabla ya kuondoka lazima pawe na dawa. Nikasema sawa. Nilidhani anazungumzia ndoo na sabuni.

Kusema kweli, raha ya vijana haikunishughulisha sana. Nilitaka Kwamboka apande kile kilima mchana, mbele za watu, akiwa mtu.

Alijiandaa siku mbili. Alijisuka mwenyewe mbele ya kioo kidogo, akipumzisha mikono kila baada ya mistari michache. Jumamosi alivaa raba zangu. Jua lilikuwa zuri, lile jua safi la baada ya mvua. Njiani tulisimama mara nyingi, na kila tuliposimama alijifanya anaangalia maua ya viazi.

Kwenye lango la kanisa alikuwa Zablon, na pampu mgongoni.

Zablon huyu hakati kuni siku ya Sabato. Ng'ombe akijaa kupe Ijumaa jioni, atavumilia hadi Jumapili. Lakini mzee alikuwa amemwambia kwamba kuua ugonjwa ni kazi ya huruma, kwa hiyo akaja na pampu, akaja pia na tai shingoni. Alikuwa anapulizia viatu vya kila mtu kabla hajajiunga na msafara. Wasichana waliinua sketi na kupiga kelele. Nami nilicheka. Nilinyoosha mguu wangu, nikapuliziwa kiatu, nikapita.

Akafika Kwamboka.

"Huyu wa Nairobi, viatu havitoshi," Zablon akasema.

Watu wakacheka. Mmoja wa nyuma akaita, "Mpulizie kwapani. Kupe hupenda kwapa."

"Na masikio. Usisahau masikio."

"Geuka, dada," Zablon akasema. "Inua mikono. Ng'ombe wa baba yangu ana adabu kukushinda."

Kwamboka akainua mikono.

Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara kadhaa. Sasa naiacha. Hakuna aliyemshika. Aliinua mikono mwenyewe, akageuka polepole alivyoambiwa, na Zablon akampulizia kuanzia kichwani, juu ya zile nywele, shingoni, kifuani, kwapani, hadi kwenye raba zangu. Pampu haikuwa imesuuzwa. Klorini aliyoitia ndani ilichanganyika na mabaki ya dawa ya kupe, na harufu yake ikatufikia wote.

Akaanza kukohoa. Nani asingekohoa? Msafara mzima ukarudi nyuma, zaidi sana ya hatua mbili.

"Mnasikia?" mmoja wao akasema. "Bado imo."

Nikasema, "Zablon, acha mara moja." Wote tulikuwa tunaongea Ekegusii, na mimi kwa hasira nikatoa Kiswahili, kama karani wa chifu. Kicheko kikaongezeka. Zablon akanipigia saluti na kunijibu kwa Kiswahili hichohicho: "Sawa, daktari. Si wewe ulitaka tutembee salama?"

Kisha mama yetu akatoka kati ya wanawake waliosimama mlangoni mwa kanisa. Nilidhani anamwendea mtoto wake. Akasimama mbali naye, akamgeukia Zablon.

"Asante, mwanangu. Mungu akubariki."

Wakaondoka bila sisi. Niliwatazama wakipanda. Barakoa zote zilikuwa zimefunika pua. Hatua mbili kati ya mtu na mtu, bila kukosea, mstari mmoja mrefu hadi juu. Hakuna aliyemshika mwenzake mkono. Sijawahi kuona matembezi yenye nidhamu kama yale. Kila nilichowafundisha walikifanya.

Nyumbani nilimwosha Kwamboka kichwa kwa maji mengi. Ilibidi tufumue nywele zote. Ngozi ya kichwa ilikuwa imewaka, macho yamevimba. Hakulia. Aliniuliza tu kama raba zangu zitaharibika.

Mama aliingia akiwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa juu yangu. "Ulimpeleka huko kufanya nini? Na watu wakitusaidia unawafokea kwa Kiswahili."

Mama si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, mambo yangekuwa rahisi. Ni mjane, goti lake moja halikunjiki, na ana shamba la chai ambalo hawezi kulimaliza peke yake. Chai haingojei. Majani yakikomaa, kituoni yanakataliwa. Kinachomwezesha kuishi ni egesangio, kile kikundi cha majirani wanaochumiana chai kwa zamu: leo kwako, keshokutwa kwangu, wiki ijayo kwa yule. Goti lake limeshindwa kazi, lakini wamemwacha ndani kwa sababu anapika vizuri na hamkosei mtu. Anayeongoza egesangio yetu ni Mama Zablon.

Kwa hiyo pale langoni Mama alikuwa na mtoto mmoja na chai yote. Akachagua.

Jumapili Mama Zablon alikuja hadi kwenye ua, hakuingia. Aliongea kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo.

"Jumanne ni zamu yenu. Tutakuja. Lakini yule asionekane. Si shambani, si mlangoni, si dirishani. Watu wangu wana watoto."

"Hamtamwona," Mama akasema.

"Na si Jumanne hii tu. Kila zamu, hadi tuone kifua chake kimetulia."

"Nimeelewa, mama."

Kitatuliaje bila kutembea? Hakuna aliyeuliza. Mimi nilikuwa nimesimama pale na sikuuliza.

Jana, Jumatatu, baada ya chai ya asubuhi, Mama alileta nyundo. Alikuwa ameng'oa komeo kwenye banda la kuku. Akaligongomea kwenye mlango wa chumba chetu, upande wa nje. Kwamboka alikuwa ndani pamoja nami, ameketi kitandani, akiutazama mlango ukitikisika.

"Kesho ni hadi wamalize kuchuma tu," Mama akasema kupitia ubao.

"Na nikibanwa?"

"Nimekuwekea ndoo."

Nilitaka Kwamboka apige kelele. Huyu ndiye dada aliyenifundisha kupigana, aliyewahi kumfukuza mvulana kwa mwiko wa ugali hadi barabarani. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Ana haki. Hata mimi ningejifungia." Alisema bila uchungu. Ilikuwa ni kuinua mikono tena, na safari hii hapakuwa na mtu aliyemwamuru.

Nikamwambia neno ambalo dada hamwambii dada. "Utafia humu ndani, na watakusifu kwa utii."

Akageukia ukutani. Kugeuka tu kulimfanya aheme, na nilimsikiliza akitafuta hewa, nikihesabu kwa hasira, bila huruma, kama mwalimu anayemngoja mwanafunzi mzito. Sikumwomba msamaha. Nilivaa barakoa, nikatoka.

Mama Zablon alikuwa uani kwake anapepeta maharagwe. Zablon alikuwa pale pia, akanisalimia kwa heshima zote, akaniuliza habari za nyumbani. Haoni alilolifanya. Nadhani hataliona kamwe, na akizeeka atalisimulia kama kichekesho, na watu watacheka kwa haki kwa sababu anajua kulisimulia.

Safari hii nilisema kwa Ekegusii, kwa adabu, macho chini.

"Mama, kesho msije kwetu. Wala zamu nyingine. Tumetoka kwenye egesangio."

Akaendelea kupepeta. "Mama yako ndiye amekutuma?"

"Ndiyo."

"Mbona hakuja mwenyewe?"

"Goti."

Akanitazama. Anamjua mama yangu tangu walipoolewa huku, mwaka uleule, na nadhani alijua kwamba nadanganya. Angeweza kusema, nitamuuliza kesho. Hakusema. Nafasi ilikuwa nzuri mno kwake: angeepukana na goti moja bovu na kifua kimoja kibovu, na lawama ingebaki kwetu.

"Mwambie akitoka ametoka," akasema. "Chai ikikomaa asimlilie mtu."

"Nitamwambia."

"Na wewe na digrii yako utachuma lile shamba lote?"

"Nitachuma."

"Kwa mikono hiyo?" Zablon akasema, na mama yake akacheka kidogo, na mimi nikawashukuru moyoni, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona haya na sasa sikuona tena.

Sitalimaliza lile shamba. Najua hivyo. Nitachuma nusu vibaya na nusu itakomaa, na Mama ataona kila jani likipotea kutoka pale anapoketi. Amekaa kwenye kikundi kile tangu kabla sijazaliwa. Marafiki zake wote wamo humo. Kumtoa humo bila kumuuliza ni sawa na kumng'oa mtu meno amelala. Nilijua hayo yote njiani nikienda, na nilijua nikirudi, na niligundua kwamba hayakunipunguzia mwendo.

Hilo ndilo linalonitisha kuliko pampu. Nilidhani mimi ni tofauti na wao.

Leo asubuhi nimeng'oa komeo. Misumari ilitoka kirahisi, Mama hajui kugongomea. Nimemwambia Kwamboka kwamba wachumaji hawaji, avae, atoke kwa mlango wa mbele, ashike barabara.

"Mama anajua?"

"Anajua."

Amevaa barakoa. Amefunga kitambaa kichwani kwa sababu ya vidonda. Mlangoni amesita, akashika fremu, na nilikuwa tayari kumsukuma. Sikuhitaji. Nimemtazama akishuka kati ya mistari ya chai hadi barabarani, akisimama, mkono kiunoni, akiendelea. Amekutana na mwanamke mwenye debe. Mwanamke amevuka upande wa pili. Kwamboka amesimama kidogo, halafu ameendelea, juu, kuelekea kilimani. Sasa simwoni tena.

Mama yuko jikoni nyuma ya nyumba. Anapika uji wa wimbi kwa sufuria kubwa, ile ya zamu yetu, na anaimba taratibu huku akikoroga. Anaamini binti yake mmoja amefungiwa na mwingine anatafuta kikapu chake cha kuchumia. Ameosha vikombe vyote na kuvipanga kwenye sinia.

Ameniita kuniuliza kama vitatosha.

Nimemwambia vitatosha.