Mwajiri wa Jovelyn

Guimbal, Iloilo
Jumapili, 11 Novemba 2018

Mpendwa dada yangu mkubwa, Manang Rosenda,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Hong Kong? Mgongo umeacha kukuuma, au bosi wako bado anakupandisha ngazi ukamfutie madirisha? Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri, na mkono wake wa kulia sasa unashika kijiko. Wanao hawajambo, Kristel ameng'oka meno mawili na anajiona mtu mzima.

Boksi lako la mwaka huu lilifika salama. Asante kwa kahawa, sabuni na viatu vya watoto.

Habari njema zimeishia hapo. Nina kinyaa, Manang, na nimekaa nacho wiki nzima nikitafuta namna ya kukuandikia kwa adabu. Sijaipata.

Ni habari za Jovelyn, yule binti wa mkoa wa Antique anayemuuguza Mama na kulea wanao tangu Mama alipopooza, miaka mitatu sasa. Wewe kwenye simu humwita Inday tu, kama tunavyomwita msichana yeyote. Baba yake alifariki mwishoni mwa Oktoba. Tiya Perpetua, shangazi yetu uliyemwachia nyumba, alimruhusu akazike, alale usiku mmoja, arudi. Siku ya tisa, ile ya kufunga sala za marehemu, ambayo hata mlevi wa mtaa huu huacha chupa yake akaenda kwao, iliangukia siku ya kuzaliwa ya Kristel. Jovelyn aliomba ruhusa. Tiya akakataa.

Mimi nilifika kutoka mjini na keki mkononi, sijui lolote. Kuingia jikoni nikamkuta amesimama mbele ya karai la mafuta, anakaanga vitafunio vya lumpia, midomo inacheza. Nikadhani anafuatisha nyimbo za wale waliokuwa wakipigania maikrofoni sebuleni. Kumbe alikuwa anasali rozari. Dirishani aliwasha mshumaa, kausimamisha ndani ya kopo la maziwa.

"Unamwombea nani?" nikamuuliza.

"Baba, Manang. Leo ndiyo ya tisa."

"Sasa mbona uko hapa?"

"Nani angepika?"

Hakulia. Aligeuza lumpia zake. Na wewe, Manang, sherehe ile uliitazama kwenye simu. Ulimwona akipita na sinia ukamwambia, "Inday, tabasamu basi!" Akatabasamu. Labda hukujua kwamba amefiwa. Lakini hukuuliza pia, wala mimi sikuwa nimeuliza. Kwa tabasamu lile, keki nikaiacha mezani.

Nikamfuata Tiya pale pale mbele ya wageni, nikadai Jovelyn aandikiwe mkataba wenye siku za mapumziko.

"Wewe Marivic usiniletee usomi wa mjini," akasema, mdomo umejaa tambi. "Huyu ni mtoto wa humu ndani. Mtoto huandikiana mikataba na mama yake?"

"Mtoto gani wa ndani anakula jikoni, tena baada ya mbwa?"

"Mdomo huo! Ndiyo maana hujaolewa."

Wageni wakacheka, na mimi nikaketi kama mjinga.

Usidhani najitoa lawamani. Miaka mitatu kila nikija naacha nguo zangu kwenye kapu, naondoka nazo zimefuliwa na kupigwa pasi. Sikuwahi kumuuliza analala saa ngapi. Sasa nimemuuliza. Anaamka saa kumi alfajiri kumgeuza Mama, analala wanao wakishalala, na katikati ya usiku anaamka tena kumgeuza. Hajawahi kupata Jumapili hata moja. Na mshahara, Manang! Mwezi boksi lako linapofika, Tiya humkatia. Anamhesabia sabuni zako na blauzi zako kuukuu, eti hiyo ni sehemu ya malipo. Blauzi ya bluu yenye doa la jiki kwapani, ile uliyosema tuitupe, Jovelyn ameilipia.

Jumatatu niliwaburura Tiya na Jovelyn hadi ofisi ya barangay, serikali yetu ya mtaa. Tulimkuta mama mmoja mwenye miwani, mpole, akatusomea sheria ya wafanyakazi wa nyumbani polepole kama anayewasomea watoto. Mkataba uwe wa maandishi. Mshahara utolewe kila mwezi, kwa fedha taslimu, wala vitu visihesabiwe. Apumzike kwa muda wa saa nane kila siku, na kila wiki apate siku nzima iliyo yake.

"Sheria hii ina miaka mitano," akasema akifuta miwani. "Barangay nzima nimesajili watatu."

Watatu! Na mtaa wetu peke yake, hakuna nyumba yenye geti isiyo na Inday wake.

Kisha akashika kalamu. "Haya, mwajiri ni nani?"

"Si mimi!" Tiya karuka mpaka kiti kikapiga kelele. "Mimi mwenyewe nasaidia tu. Nyumba ya Rosenda, watoto wa Rosenda, pesa ya Rosenda. Muulizeni Rosenda."

Miaka mitatu amekuwa malkia wa nyumba hiyo, na mbele ya kalamu akageuka mgeni. Nilitaka kumcheka. Lakini alikuwa anasema kweli.

Mwajiri ni wewe, Manang. Wewe uliyetutumia picha ya maandamano ya Mei Mosi, umeinua bango, mnadai mabosi wasiwapigie simu siku yenu ya mapumziko. Niliwaonyesha wenzangu wote wa duka la dawa: "Mnamwona dada yangu?" Leo siwezi kuitazama. Nisamehe, nimekosa neno laini zaidi.

Najua mshahara wako haukutoshi. Najua unalala kwenye kachumba kando ya mashine ya kufulia. Ndiyo maana nimechukia zaidi. Wewe hukuhitaji kusomewa sheria hii na mtu wa barangay.

Jovelyn ameondoka Jumanne. Nilidhani atadai yale yote aliyokatwa, na ana haki nayo. Alisema tu, "Nitarudi, Manang, nampenda Lola wangu, bibi huyu. Lakini nione jina la mwajiri kwenye karatasi, na Jumapili yangu iandikwe." Mama namuuguza mimi kwa likizo yangu, inayoisha mwisho wa mwezi. Tiya ameanza kuumwa shingo.

Mkataba umo ndani ya bahasha hii. Nimejaza kila kitu isipokuwa sahihi yako. Ningeweza kukupigia simu, lakini simu huipokea huku unaosha vyombo, na unakubali kila ninachosema ili nikate haraka. Barua zangu unazisoma Jumapili, umekaa na wenzako bustanini, miguu umeinyoosha, hakuna anayekuita. Soma hii ukiwa umekaa hivyo hivyo. Kisha utie sahihi au usitie, lakini ujue ni nini unachomnyima.

Nisalimie Dolores na wenzako wote wa Jumapili. Wanao wanakubusu. Mama anakusalimu; kila asubuhi ninapomgeuza, anatazama nyuma yangu kuona kama kuna mtu mwingine anakuja. Tiya naye anakusalimu na kuuliza boksi lijalo. Jovelyn hakuacha salamu.

Mungu akulinde huko uliko na akuponye mgongo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata leo nilipokukasirikia,
Marivic