Karoti Nilizong'oa

Baba mtoto, mpenzi wangu,

Sisi wazima, na mwanao ameota jino. Siku hizi kila Jumamosi nambeba mgongoni tunakwenda bustani ya umma kulima mboga na kikundi cha kujitolea, maana chumbani sina wa kusema naye.

Juzi niling'oa tuta zima nikidhani ni magugu, kumbe karoti changa! Mama kiongozi akashika kiuno: "We mama mtoto, hata sungura angetubakishia!" Wakacheka, nami nikacheka mpaka machozi, kisha machozi yakakataa kukoma.

Akaniuliza taratibu, "Mwenzio yuko wapi?" Nikamjibu utarudi kabla hatujavuna. Sikumwambia kwamba miezi mitano sasa hujaandika.

Niandikie hata mstari mmoja, nisiwe mwongo kwa watu walionipokea.

Ni mimi, bado wako,
Mama mtoto