Kope za Mama

Kenyamonta, 8 Novemba 1976

Mwanangu Christina,

Hujambo? Mumeo Simoni hajambo? Sisi huku wazima, ila kope zangu zimezidi kushuka. Ngozi imeniangukia mpaka kwenye mboni. Nikitaka kuona lazima niinyanyue kwa kidole. Sasa nilime shamba la kijiji kwa mkono mmoja? Juzi mkutanoni mwenyekiti Nyamhanga akasema mbele za watu, "Rhobi amelala tena." Sikulala! Nilisikia kila neno. Hata mwalimu wa kisomo ananiambia nipumzike, mimi niliyejifunza kusoma ukubwani ili nikuandikie mwenyewe. Uliniahidi daktari wa huko Nairobi. Yuko wapi?

Mama yako.

Nairobi, 1 Desemba 1976

Shikamoo mama,

Natumaini u mzima. Sisi hatujambo. Pole sana. Daktari nimemwona. Anasema ni umri tu, ngozi ya hapo ni nyembamba na hulegea mapema. Anatia ganzi, anakata kipande, anashona, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Njoo kabla ya Krismasi. Chumba chetu ni kimoja lakini tutaweka pazia, Simoni hana neno. Nakutumia picha yetu.

Binti yako.

Kenyamonta, 19 Desemba 1976

Christina,

Hamjambo? Mimi mzima wa mwili, ila nimekasirika. Nilale chumba kimoja na mkwe wangu, pazia katikati! Umesahau ulikotoka? Simoni hana neno, mimi ninalo. Nitafutie kwa mwanamke wa kwetu.

Na hiyo picha. Nimenyanyua kope zote mbili nikaitazama. Macho hayo siyo niliyokuzaa nayo. Umekatwa! Kwa daktari ulikwenda kwa ajili yangu au yako? Una miaka thelathini na mitano, unaona mpaka ng'ambo ya mto. Nani alikutuma?

Mama yako.

Nairobi, 14 Januari 1977

Shikamoo mama,

Hali yako? Usinikasirikie. Dukani walikuwa wananiuliza kila asubuhi kama nimelia. Ngozi ilishaanza kushuka kama yako, na chini ya macho nilikuwa nimevimba. Uso ni wangu, mama, na nilichoka kuambiwa nimezeeka.

Verdiana wa Kerende anakaa hapa na watoto wake tu, atakupokea. Daktari anakungoja katikati ya Februari. Njoo.

Binti yako.

Kenyamonta, 16 Februari 1977

Christina,

Natumaini hamjambo. Mimi nimetoka Sirari. Tanzania na Kenya wamegombana, mpaka umefungwa. Askari ananiambia, "Mama, rudi nyumbani," nami nimeshika kope nimwone vizuri huyo anayenirudisha. Nikamwambia sina magendo, nina macho tu. Akasema hata macho hayapiti. Loo!

Na usithubutu kuniambia ningekuja Desemba. Kwa mkwe silali, hata leo. Lakini kitanda cha daktari kilipokuwa wazi, ulipanda wewe. Wewe ulitaka kutazamwa, Christina. Mimi nilitaka kuona.

Barua hii nampa Mogesi, anavuka mpaka kupitia porini na ng'ombe wake. Ukijibu, andika herufi kubwa.

Mama yako.