Ng'ombe wa Bwana Rutagwa

Jumapili, kiangazi, 1956

Leo vumbi limetawala tangu asubuhi. Hata padri alikohoa katikati ya mahubiri, na kahawa niliyoanika uani imegeuka rangi ikawa kama udongo. Nimeoga, nimebadili shati, lakini bado nasikia mchanga mdomoni. Pengine si mchanga. Pengine ni yale mabao.

Tumefungwa matano bila na Kituntu, hapa hapa kwetu Ihembe, mbele ya watu waliotoka kanisani moja kwa moja kuja kututazama. Golikipa ni mimi. Kwa hiyo, kusema kweli, aliyefungwa ni mimi. Wenzangu walikuwa wanatazama kwa karibu tu.

Na matatu kati ya hayo kanifunga Zakaria.

Zakaria ni wa hapa. Mgomba wa mwisho wa kibanja chao unaegemea mgomba wa kwanza wa kibanja chetu. Tulijifunza mpira pamoja, tukipiga furushi la majani makavu ya mgomba lililofungwa kamba, mpaka mama yake atufukuze kwa kuwa tunavunja machipukizi. Yeye alikuwa na mbio, mimi sikuwa nazo, basi nikakaa golini. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu. Msimu uliopita alikuwa bado mshambuliaji wetu, na kila timu iliyokuja hapa ilirudi kwao imenuna.

Kisha Bwana Rutagwa wa Kituntu akataka kuwa na timu.

Bwana Rutagwa ni mnunuzi wa kahawa. Ana lori, ana duka, ana ng'ombe wanaofunika kilima kizima. Alianza kwa kununua jezi za manjano na njumu za ngozi kwa kila mchezaji, wakati sisi huku tunacheza peku na jezi yetu ni shati lolote lisilo na tundu mgongoni. Baadaye akaanza kuzunguka kwenye nyumba za watu. Alikwenda Kihanga akawachukua mabeki wao. Alikuja hapa akamchukua Zakaria. Wala hakuja na pesa, maana si mjinga. Pesa mtu angeweza kuikataa kwa hasira, watu wakamsifu. Alikuja na ng'ombe.

Kwetu, mtu akikugabira ng'ombe, yaani akikukabidhi umfuge, hajakuuzia, wala hajakukopesha. Amekufanya mtu wake. Utakunywa maziwa, samadi utaweka migombani, na watu watakuamkia kwa sauti nyingine. Lakini akikuita unaitika, na huwezi kusimama upande wa pili wake. Siku ukimgeuka, ng'ombe anarudi alikotoka na jina lako linabaki njiani. Wazee wetu waliishi hivyo, sioni ajabu. Ila sikujua kwamba siku moja desturi hiyo itaingia uwanjani na kumtoa mtu upande huu wa goli kumpeleka ule.

Simlaumu Zakaria. Hapana, ngoja niandike kweli, hakuna anayesoma hapa isipokuwa mimi. Namlaumu sana. Mke wake alijifungua pacha, maziwa hayakutosha, na ng'ombe akaja wakati huo huo. Mtu mwenye akili angefanya nini? Najua jibu, na bado namlaumu.

Tangu mama afariki, Zakaria ndiye alikuwa akipita hapa jioni. Hakuwa na la maana la kusema. Alikaa kwenye kinu kilicholala, akamenya ndizi asizoombwa kumenya, akanicheka namna ninavyopika. Sasa anafanya mazoezi Kituntu na kulala huko siku nyingi za wiki. Nimeanza kupika bila chumvi na sijui nimeanza lini.

Mechi yenyewe haina mengi ya kueleza. Petro, beki wetu, alikanyagwa na njumu, ukucha ukang'oka, akajifunga jani na kuendelea. Wale wa manjano walikimbia kama watu waliokula nyama jana, na kweli walikula. Wetu walikuwa wametoka kuchuma kahawa wiki nzima. Bao la kwanza la Zakaria lilipoingia hakushangilia. La pili akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo niliona imefungwa. La tatu alishangilia, kwa sababu Bwana Rutagwa alikuwa amesimama mstarini akimtazama.

Lililoniuma zaidi lilikuja baadaye. Hapa kwetu wenyeji hupika rubisi, pombe ya ndizi, kwa ajili ya wageni. Wachezaji wenyewe ndio huingia kwenye mtumbwi wa kukamulia na kuzikanyaga zile ndizi pamoja na majani, kwa miguu ile ile itakayocheza. Mechi ikiisha, wageni hunywa kwanza, hata wakiwa wametupiga, tena hasa wakiwa wametupiga, kisha kibuyu kinazunguka na matusi ya uwanjani yanageuka utani. Safari hii tulikuwa wachache, tukakanyaga mpaka usiku. Filimbi ya mwisho ilipolia, wageni wakapanda lori. Kulikuwa na fahali amechinjwa Kituntu kwa ajili yao. Hakuna aliyekataa rubisi yetu, walisahau tu kwamba ipo.

Wenzangu walikunywa kidogo hapa uani kwangu, kando ya uwanja, wakaaga mmoja mmoja. Nikabaki na vibuyu vilivyojaa, nikifukuza nyuki.

Hapo ndipo Bwana Rutagwa alipokuja kwa miguu kutoka kwenye lori, lililokuwa bado halijaondoka, na Zakaria nyuma yake. Nilisimama nikampa shikamoo yake.

"Marahaba, kijana wangu," akasema. "Umefungwa matano. Lakini nimeyaona na yale uliyoyazuia."

Nikamshukuru.

"Nina mtamba wangu, anakaribia kuzaa," akaendelea, akitazama migomba yangu, si mimi. "Mtu wa kumtunza bado sijampata. Kesho jioni lori litapita huku kuchukua kahawa. Utaniambia."

Akageuka kurudi kwenye lori. Ni mtu mwenye adabu, siwezi kumsingizia. Hata ukinunuliwa na yeye utajisikia umeheshimiwa.

Zakaria alibaki nyuma. Alichukua kibuyu, akanywa akiwa amesimama, akafuta mdomo kwa jezi ya manjano.

"Njoo, Fonsi," akasema. "Kule nina viatu, maziwa nayapeleka nyumbani. Ila sina wa kucheka naye."

Honi ikalia. Akakimbia, na zile mbio zake ni zile zile.

Tangu saa hiyo nimekaa hapa nagombana na watu wasiokuwepo. Namwambia Bwana Rutagwa kwamba ushindi wake si ushindi, ni ununuzi. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, sawa, lakini asituambie kwamba nyama ilimpenda. Na kisu chenyewe tumemnolea sisi. Kahawa aliyonunulia lori ni ya vibanja hivi, kwa bei aliyoitaja yeye, nasi tukasema ndiyo kwa kuwa mvua ilikuwa karibu. Zile njumu zilizomng'oa Petro ukucha, Petro amezichangia.

Halafu nikajijibu mwenyewe, na jibu halikunifurahisha. Msimu uliopita tulipokuwa tunawafunga Kituntu kila tulipokutana, ilikuwa haki? Hatukumfundisha Zakaria mbio. Alizaliwa tu kibanja cha jirani. Wao hawakuwa na wa kumlinganisha naye, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaonea huruma. Tuliwaimbia nyimbo za kuwasuta mpaka wakavuka bonde. Bahati ikiwa yetu tunaiita juhudi. Ikiwa ya mwingine tunaiita dhuluma.

Lakini bado kuna tofauti, naiona hata kama siwezi kuieleza vizuri. Bahati yetu haikuondoa mtu Kituntu. Walifungwa, wakanuna, wakarudi kwao wote, na jioni walikuwa pamoja. Sisi hatukufungwa tu. Tumepunguzwa. Kihanga hawana tena timu, kiwanja chao kinachungiwa mbuzi. Atakapokwisha kutununua sote, Bwana Rutagwa atacheza na nani?

Nimefikiria kukubali. Nimefikiria kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka kukiri. Mtamba angezaa, ningekuwa na samadi, migomba ya mama ingeacha kunyauka. Jioni ningekuwa na mtu wa kunicheka. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wangu ni mtupu sana mwaka huu.

Lakini nikienda, Zakaria na mimi tutakuwa watu wa mtu mmoja. Tutacheka akiwa hayupo, tutanyamaza akija. Nilimtaka rafiki yangu arudi. Sikutaka tuwekwe zizi moja. Na Petro, mwenye kidole kilichofungwa jani, Jumapili ijayo atageuka nyuma aone goli tupu.

Kuna jambo jingine la aibu kidogo. Bwana Rutagwa alipokuwa anazungumza, moyo wangu uliruka. Si kwa sababu ya ng'ombe. Ni kwa sababu kuna mtu aliona yale niliyoyazuia. Wiki nzima nilikuwa nasema timu yake ni dhuluma, na sehemu ya uchungu wangu ilikuwa kwamba amewaita wengine, mimi hakuniita. Sasa ameniita, na uchungu haujaondoka, basi angalau ile sehemu nyingine, ya dhuluma, ni ya kweli.

Kesho jioni nitampa shikamoo tena, nitapakia kahawa yangu kwenye lori lake kwa kuwa hakuna lori jingine, na nitamwambia mtamba amtafutie mtu mwenye majani mazuri zaidi. Atanielewa. Sijui kama Zakaria atanielewa.

Kisha nitakwenda uwanjani, maana Jumatatu ni siku ya mazoezi. Beki anaweza kukimbia peke yake, hata mshambuliaji anaweza kupiga goli tupu akaridhika. Golikipa lazima apate mtu wa kumpigia mpira. Miaka yote mtu huyo alikuwa Zakaria.