Lile la Mchana

Jumatatu, 4 Machi

Somo la kwanza la falsafa ya lugha kwa walimu wanafunzi. Nikaandika ubaoni: Langa linachoma — langa, jua letu hili. Chini yake: "Langa" lina herufi tano. Juu unalitumia neno, chini unalitaja tu. Zile alama za nukuu zinalifunga, halimgusi mtu.

Nikamwambia Nolusapho asome. Akasoma, "Lile la mchana linachoma." Darasa likacheka. Ameolewa na mwana wa mzee Langa, na kwetu mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Nalijua hilo tangu utotoni! Lakini nilitaka mfano wangu utimie. Nikambana — humwiti mtu, unataja tu — mpaka akalisema. Kwa sauti ndogo. Nikapiga makofi peke yangu.

Jumatano, 6 Machi

Kiti chake kitupu. Binamu wa mumewe yumo darasani, alifikisha habari nyumbani siku ileile. Nolusapho karudishwa kwa wazazi wake. Ndoa inayumba, masomo basi. Mwanafunzi mmoja akauliza kama kufukuzwa nako ni kutajwa tu.

Mke wangu MaDlomo hakunionea huruma. "Miaka yote nalizunguka jina la baba yako. Ulidhani nina kigugumizi?"

Kosa ni langu. Kesho naenda kwa mzee Langa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda. Mzee na mkewe, MamGcina, wakanikalisha. Nikakiri yote: binti alikataa, mimi ndiye niliyembana. Halafu nikaanza kueleza alama zangu — mjinga mimi! MamGcina akanisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, lile tusi la mama, liseme hapa. Lifunge kwenye alama zako. Si unataja tu?"

Mama yangu yuko kaburini. Mdomo haukufunguka. Mzee akacheka mpaka akakohoa. MamGcina hakucheka.

"Basi umeelewa, mwanangu."

Wakaamua: Jumamosi nimlete binti mwenyewe, nieleze mbele ya ukoo alichotamka, bila mimi kulitamka neno lenyewe. Mimi mwanaume, mwiko huu haunihusu. Sasa unanihusu. Nikiteleza, Nolusapho anabaki kwao.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi nimeliambia darasa kwamba nilikosea, nikaufuta ule mfano. Jioni mazoezi na MaDlomo. Lile neno liko kila mahali, hata tumboni mwa maneno mengine! Nateleza, naanza upya. MaDlomo anasema naongea kama bibi harusi wa wiki moja. Na mimi nilidhani wake za watu huku ni wapole tu, wanasema polepole. Kumbe wanachagua maneno.

Tena. Mpaka niweze.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika hapa langoni, karibu na zizi. Tumeambiwa tungoje, ukoo bado uko kikaoni. Nolusapho yuko pembeni yangu, shali begani. Nimemuuliza: nikivuka salama leo, atarudi darasani? Amesema atarudi, lakini swali la kwanza atauliza yeye.

Sentensi yangu nairudia kimoyomoyo. Ninayo.

Hakuna kivuli hapa. Lile la mchana liko utosini, linachoma. MamGcina ametokea mlangoni, anatuita kwa mkono —