Wakwe Hawachoti Maji

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi kwenye shule ya msingi iliyo nyuma ya soko. Mahali pangu, kama Naibu Mkuu wa Zimamoto, Utawala, ni mezani, si uwanjani. Lakini Mkuu alitaka mtu wa ofisini aonekane kwenye picha. Nikavaa sare. Kola inanibana siku hizi.

Magari mapya mawili yalipangwa mbele ya watoto. Mekundu, yanang'aa — zawadi ya jiji rafiki la ng'ambo, tuliyokabidhiwa mwezi uliopita kwa tarumbeta na hotuba. Maji ya tangi yakaruka kupita paa la shule. Watoto wakashangilia. Kisha tangi likaisha, kama yanavyoisha matangi yote, na vijana wakakimbilia bomba la zimamoto la barabarani ili wafunge mpira na kuvuta maji mengine.

Mpira haukushika. Wakauzungusha, wakausukuma, wakaugonga. Meno ya mpira na meno ya bomba hayalingani. Mtoto mmoja akamwuliza mwalimu wake kama moto huwa unasubiri.

Likaitwa gari la zamani, lile ambalo vijana huliita Bibi. Likaja likikohoa. Mpira wake ukaingia kwenye bomba kama mguu kwenye kiatu ulichokizoea.

Nilimwuliza kiongozi wa zamu imekuwaje magari yapokelewe bila kujaribiwa kwenye bomba la barabarani. Akasema yalijaribiwa uwanjani kwetu, kwa maji ya tangi. Siku ile ya makabidhiano walikatazwa kufungua bomba, wageni wasije wakakanyaga tope. Sote ni watu wa zimamoto, na sote tulitazama maji yanaruka juu kiasi gani. Hakuna aliyeuliza yatatoka wapi yakiisha.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwona Mkuu. Nilimfundisha kuandika ripoti alipoingia kazini. Leo ananiita "mzee wangu" na hanitazami usoni. Anasema viunganishi vya kuoanisha mipira mipya na mabomba yetu vimeagizwa, viko njiani, pengine vimekwama forodhani. Nikamwuliza tutafanya nini mpaka vifike. Akajibu kwamba tuna Bibi.

Nikamkumbusha kwamba Bibi — gari la zamani — linapigwa mnada Jumamosi ya wiki ijayo kwa agizo la Mkurugenzi wa Jiji. Kituo kina nafasi mbili za magari, na jiji rafiki liliahidiwa kwamba chakavu litaondoka. Kisha akaniomba nisimletee maneno wakati huu. Wakati huu! Jina lake liko wizarani kwa cheo kingine. Kila mtu analijua hilo, hata mfagizi.

Na hati ya kuliondoa gari kwenye huduma haiwezi kutoka bila sahihi yangu.

Jumapili, 9 Machi

Mpwa wangu alikuja kula. Mtoto wa dada yangu, tuliyemlea hapa tangu mama yake alipotutoka. Kazini ananipigia saluti na kuniita "afande". Akivuka kizingiti hiki ni "shikamoo mjomba", na mkono tayari uko kwenye sufuria.

Yuko zamu ya magari mapya. Akatuambia vijana wameyapa jina: Wakwe.

Mke wangu akauliza kwa nini Wakwe.

"Shangazi, si wamekuja wamependeza? Tunawaosha, tunawapangusa, tunawapisha mbele. Lakini umewahi kuona mkwe anachota maji?"

Mke wangu akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Akasema mkwe wa kweli hutumwa maji kisimani akishazoea. Tatizo lenu hamtaki kuwazoeza.

"Hawazoezeki, shangazi. Midomo haikutani. Hata mipira ya Bibi tumejaribu — inashika bomba, inawakataa Wakwe."

Nikamwambia aseme "gari la zamani". Akasema sawa mjomba, gari la zamani ndilo linalotunywesha. Bibi akipigwa mnada, tutaingia motoni na tangi moja moja, na tangi likikauka tutabaki na mluzi.

Alisema hayo huku anatafuna. Mimi chakula kilinishinda. Mke wangu alikitazama kile sahani, akakiondoa.

(Nimeandika "kile sahani". Sahani ile.)

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwandikia Mkuu barua ya ukurasa mmoja: uuzaji uahirishwe mpaka viunganishi vifike na vijaribiwe barabarani. Imerudi kabla ya chakula cha mchana. Juu yake kwa kalamu ya kijani: "Imeonekana." Imeonekana na nani? Imeamuliwaje? Kitenzi kisicho na mtendaji ndicho maficho ya wakubwa.

Mchana fundi wetu wa karakana alileta kiunganishi alichokichonga mwenyewe. Tulikifunga uwanjani. Kilishika vizuri, watu wakaanza kupongezana. Shinikizo lilipopanda kikaruka kama chura, kikapasua dirisha la ofisi ya mhasibu. Mhasibu alikuwa chooni, Mungu amrehemu — yaani, Mungu alimrehemu. Fundi akasema chuma chake hakifai kwa kazi hii na hatajaribu tena, asije akaua mtu. Nimemshukuru. Wengine wangeendelea kuchonga.

Jumatano, 12 Machi

Nimetia sahihi.

Mkurugenzi wa Jiji alipiga simu mwenyewe. Alizungumza kwa upole, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema mimi ni mtu wa kanuni, na kanuni inasema amri ya jiji hutekelezwa. Ni kweli. Nimewaambia vijana maneno hayo miaka yote: amri kwanza, malalamiko baadaye, kwa maandishi, na nukta mwishoni. Ndiyo maana wananiita Bwana Nukta wakidhani sisikii.

Nimeongeza sharti chini ya sahihi: mnunuzi asilichukue gari mpaka viunganishi vifike. Mkurugenzi hakupinga. Pengine hakulisoma.

Ijumaa, 14 Machi

Nimerudi nyumbani kwa miguu, kupitia mtaa wa magodoro. Sikuwa na sababu ya kupita huko. Nilitaka kuona.

Sponji zimerundikwa mpaka dari, nyingine zimeanguka mpaka kwenye njia ya waendao kwa miguu. Mchomeleaji anafanya kazi mlango wa pili, cheche zinaruka, yeye anapiga mluzi. Ghorofani kwenye nyumba ya katikati ni mafundi cherehani, wote wanawake, na ngazi ya kupandia ni moja, ya mbao. Nikamwambia mchomeleaji ahamie upande wa pili wa barabara. Akaniambia, "Mzee, upande wa pili kuna jua." Nikamwandikia onyo. Akalipokea kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akalitumia kupangusia mafuta.

Bomba la zimamoto liko pembeni mwa mtaa. Nililigusa. Ni zima, limepakwa rangi. Maji yamo. Nani atakayeyatoa?

Jumamosi, 15 Machi

Mnada. Dalali alimsifu Bibi kama anayemwoza binti. Limeuzwa — gari limeuzwa — kwa mwanamume mnene mwenye biashara ya kupeleka maji kwenye majengo yanayojengwa. Vijana walisimama ukutani na sare zao kama watu wa msibani. Mpwa wangu hakunitazama.

Sharti langu halikusomwa. Nilimwuliza dalali. Akasema karatasi aliyopewa haikuwa na sharti. Nakala iliyopigwa chapa upya, basi.

Nikamfuata mnunuzi. Nikamweleza hali yote na kumwomba aliache gari kwa majuma machache.

"Mzee wangu, mimi nimenunua gari. Sijaposa. Mnataka nikae nasubiri mpaka bibi harusi aage nyumbani kwao?"

Watu wakacheka. Nikasimama pale pale. Alipoona sicheki akajikuna shingo, akasema basi, atalichukua Jumanne badala ya leo, kwa heshima ya mvi zangu. Siku tatu za heshima. Nimezipokea.

Jumapili, 16 Machi

Mpwa hakuja kula. Mke wangu alimwekea chakula hata hivyo. Ameniuliza kama kijana amekasirika. Nikamwambia yuko zamu. Hayuko zamu.

Jumatatu, 17 Machi

Forodhani wanasema hawajaona mzigo wowote wa jina letu. Nikapiga simu kwa wakala wa ununuzi aliyeandikwa kwenye faili. Wakala anasema aliomba barua ya kuthibitisha agizo, akaingoja, hakuipata, akaliweka agizo pembeni. Barua ya Mkuu haikuandikwa kamwe.

Viunganishi haviko njiani. Havijaanza safari.

Nilikwenda kumwambia Mkuu. Amesafiri, semina. Nikamwandikia Mkurugenzi. Katibu wake alipokea kwa mkono na kuniuliza kama ni la haraka. Nikamwambia ni la kesho. Akasema basi atamwekea kesho.

Jioni, langoni, mpwa alisimama mbele yangu. Hakupiga saluti, wala hakuamkia. Akauliza tu: "Mjomba, ulitia sahihi?" Nikamwambia nilitia, kwa sharti. Akasema, "Sharti halipigi maji," akaenda zake. Sijapata kusemeshwa hivyo na mtoto niliyemfunga kamba za viatu. Na sikuwa na la kumkosoa.

Jumanne, 18 Machi

Naandika mezani kwangu, mchana. Siwezi kukaa na mikono mitupu.

Mnunuzi alikuja asubuhi na dereva wake. Namba ya mnada bado iko kwenye mlango wa gari kwa chaki. Walikuwa wanajaza upepo kwenye magurudumu kengele ilipolia.

Mtaa wa magodoro. Nilijua kabla mpokeaji simu hajamaliza.

Magari mapya yote mawili yakatoka. Mpwa wangu alikuwa kwenye la kwanza, kofia mkononi. Hakutazama dirishani kwangu. Nikafungua redio. Kiongozi wa zamu anaripoti: duka la magodoro linawaka, moto umepanda ngazi ya mbao, mafundi cherehani wako ghorofani. Kisha sauti ya mpwa: anaweka ngazi ya chuma dirishani, anapanda, mwenzake anashikilia. Baadaye kiongozi tena — tangi la kwanza limeisha. La pili liko nusu. Bomba liko hapo hapo, afande, tunaliona, hatuwezi kulishika.

Nikashuka ngazi. Goti langu nitalisikia kesho.

Nikamwambia dereva wa mnunuzi ashuke. Mnunuzi akauliza, kulikoni? Nikamwambia nalichukua gari. Akasema gari ni lake, risiti anayo. Nikasema najua, na hati ya kuliuza nimeitia sahihi mimi, na sasa nalichukua. Akanitazama. Akatazama moshi juu ya mapaa.

"Unaniibia mchana kweupe, mzee. Na sare umevaa."

"Ndiyo."

"Mtaa gani?"

Nikamwambia.

Akatukana, neno ambalo sitaliandika. Akasema mke wa kaka yake anashona pale. Akapanda mwenyewe, akajibana katikati ya vijana wa akiba, tumbo kwenye dashibodi, akawaambia waondoe breki, wanangoja nini. Gari likakohoa, likazimika. Likawaka. Likatoka langoni na chaki yake mlangoni.

Nimerudi juu. Mkuu amepiga simu kutoka semina. Habari zimemfikia kabla ya moto kuzimwa. Ameuliza nani ameruhusu mali ya mtu binafsi itolewe kituoni. Nimemwambia ni mimi. Akauliza kama naelewa maana yake kwa mtu aliyebakiza miezi kustaafu. Nimemwambia naelewa. Akaniamuru niandike maelezo, leo hii, kwa maandishi. Nikamwuliza barua aliyoiomba wakala iko wapi. Simu ikakatika, au aliikata.

Nimechukua karatasi. Nimeandika: "Mimi ndiye niliyetoa amri." Sijaendelea.

Redio: Bibi amefika. Nimeandika Bibi, na libaki hivyo. Nyuma ya sauti ya kiongozi namsikia mnunuzi anawafokea waliosimama juu ya mpira. Mtu anaita funga, funga. Kisha mkwaruzo. Nikauliza nani yuko ghorofani. Mkwaruzo. Nikamwita mpwa wangu, kwa cheo chake, kama inavyotakiwa redioni. Kisha nikamwita kwa jina la nyumbani, mbele ya vituo vyote vinavyosikiliza. Sijasikia sauti yake tangu aliposema anapanda.

Mhudumu amekuja kuuliza kama afunge dirisha, moshi unaingia, nitakohoa. Nimemwambia aliache wazi. Moshi ukipata maji hugeuka mweupe. Kutoka hapa nitauona kabla redio haijasema.

Bado ni mweusi.