Mikoba Nyuma ya Kalibu

Dada yangu mpenzi,

Ni mimi, Kasuku wako, nakusalimu kutoka chumba chetu chenye pazia la maua nililolishona mwenyewe. Hujambo? Macho yanaendeleaje? Mama ameniambia umenunua miwani ingawa daktari hakuona kasoro yoyote. Sisi ni wazima. Mwezi wa tatu sasa wa ndoa, na moyo bado unanidunda nikisikia viatu vyake ngazini.

Shemeji yako ananidekeza, dada! Ananipikia chai kabla hajateremka kwenye kibanda chake cha kutengeneza viatu, huku akipiga mluzi. Jirani amenitania kwamba nimemroga. Nimemjibu kwamba aliyerogwa ni mimi.

Unakumbuka kilichonivuta kwake? Kusikiliza. Wengine walipiga miayo nikianza stori. Yeye alitaka kujua hata unavyokagua mikoba ya mitumba ya bei mbaya pale dukani kwa tajiri wako. Nami kwa kukuonea fahari nikamweleza yote: kwamba wenzako hukimbilia nembo, lakini wewe huanza chini ya kamba, kuona mshono umelala upande gani; kwamba huvuta zipu umefumba macho; kwamba mwisho hutia pua mfukoni, kwa kuwa mkoba bandia hunuka gundi hata ukiogeshwa. Aliniomba nirudie, nikarudia. Nikajiona napendwa kweli kweli.

Wiki iliyopita nilifagia stoo ya kibanda ili nimfurahishe. Nyuma ya kalibu za mbao za kuundia viatu nilikuta mikoba sita imening'inia, sawasawa na ule ambao wewe ulisema ni halisi, ukakufukuzisha kazi mnunuzi alipoupeleka kwa wakala wa kampuni akaambiwa ni bandia. Nikatia pua kama wewe. Ilinukia ngozi tupu! Ndani ilijazwa ndimi za ngozi za viatu vikuukuu, ziue harufu ya gundi. Ukutani palikuwa na karatasi yenye mwandiko wake: kamba, zipu, pua. Kwa mpangilio wako.

Nilipomuuliza hakukana. Alicheka, akanibusu paji la uso, akasema mwalimu wake ni mimi, na kwamba wewe utapata kazi nyingine tu.

Dada, tajiri wako alikuita mshirika wa matapeli mbele ya wateja, nawe ukaamini macho yamekuisha. Hayajaisha. Ni mdomo wangu. Nimelijua hili siku nane, na kila jioni nimempokea mume wangu kwa kicheko, kwa sababu nampenda. Hata sasa ninapoandika, nampenda.

Nimeweka humu ile karatasi na ulimi mmoja wa kiatu. Mpelekee tajiri wako leo hii. Usiniandikie kuniuliza kama nina hakika, maana nitakujibu sina.

Msalimie Mama sana, umwambie pazia limependeza. Na hiyo miwani irudishe.

Mdogo wako,
Kasuku